Wasomaji Wanauliza: Shakwe Wanaotatiza, na Namna ya Kuwasoma Manyoya

Kaskazi ikishika, barua za shakwe huongezeka. Ndege hawa hushuka kutoka Urusi, Ufini na Asia ya Kati, wakachanganyika na wenyeji wetu wa pwani na maziwa, na hapo ndipo utata huanza. Toleo hili tumezijibu barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Maneno mawili matatu kwanza, ili tuelewane. Kila bawa la shakwe lina manyoya makubwa 10 ya ncha. Tunayahesabu kutoka ndani kwenda nje: la 1 liko karibu na katikati ya bawa, la 10 ndilo la nje kabisa. Shakwe hulibadilisha kwanza la 1, kisha la 2, hadi afike la 10, kwa hiyo manyoya ya nje ndiyo huwa ya mwisho kuwa mapya. Weupe uliozungukwa na weusi karibu na ncha ya nyoya la 10 au la 9 tunauita doa la ncha. Na hilali ni ule ukingo mweupe uliopinda juu au chini ya jicho.

*

SWALI: Mwezi Januari, mlango wa Mto Sabaki, nimeona kundi la shakwe wakubwa wamepumzika kwenye fungu la mchanga. Baadhi mgongo wao ni mweusi kabisa, wengine kijivu cha jiwe. Mwongozaji mmoja aliniambia wote ni ndege mmoja, mwingine akasema ni wawili tofauti. Nimshike yupi? – Msomaji, Malindi

JIBU: Kila mmoja ana haki yake. Wote wanaingia katika Larus fuscus, shakwe mgongo-mweusi, lakini kuna aina mbili zinazofika kwenu. Ya kwanza ni fuscus mwenyewe, anayezaa Ufini, pande za Bahari ya Baltiki na kaskazini mwa Skandinavia. Ya pili ni heuglini, shakwe wa Heuglin, anayezaa kwenye tundra ya kaskazini mwa Urusi. Orodha nyingi za sasa zinamweka heuglini chini ya fuscus. Zipo zilizomhesabu kuwa ndege kamili peke yake. Daftarini andika aina uliyoiona, na orodha zikibadilika kumbukumbu yako haitapotea.

Usianze na rangi ya mgongo. Anza na umri. Shakwe mpevu wa jamii hii hana kahawia popote bawani, mkia wake ni mweupe mtupu, mdomo ni wa njano na doa jekundu kwenye taya la chini. Ukiona kahawia kwenye manyoya yanayofunika bawa, au alama nyeusi mkiani, au utepe mweusi mdomoni, ndege huyo bado hajapevuka na vipimo vya wapevu havimhusu. Mweke kando umalize wapevu kwanza.

Sasa tazama mgongo, lakini uulinganishe na ncha za bawa la ndege huyo huyo. Kwa fuscus, mgongo na ncha vinakaribiana weusi kiasi kwamba itakubidi utafute mahali kimoja kinapoishia. Kwa heuglini, mgongo ni kijivu kizito na ncha nyeusi zinajitenga wazi, hata kwa mbali. Wataalamu hutumia kipimo cha kijivu cha Kodak, kinachoanzia 0 kwa nyeupe na kuishia 19 kwa nyeusi: heuglini huangukia takriban 8 hadi 10, fuscus 13 hadi 17. Pengo hilo ni kubwa na jicho linaliona, mradi ndege wote wawili wamesimama pembe moja na jua. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Shakwe aliyegeuza ubavu kwa jua na mwenzake aliyelipa jua mgongo wanaweza kutofautiana rangi hata kama ni ndugu wa kiota kimoja, na aliyetoka kuoga huonekana mweusi zaidi mpaka akauke. Subiri wageuke. Upepo wa kaskazi ukiwa na nguvu wote huuelekea, na huo ndio wakati wa kulinganisha migongo.

Kisha umbo. Fuscus ni mwembamba, kichwa cha mviringo, miguu mifupi, na mabawa marefu yanayoupita mkia kwa mbali anaposimama. Heuglini ni mzito zaidi, mdomo wa kimo, kifua kipana. Lakini dume la shakwe humzidi jike kwa dhahiri, na jike dogo la heuglini humkaribia dume la fuscus, kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kumpa ndege jina.

Kichwa kinasaidia kwa miezi michache tu. Kuanzia Novemba hadi Januari heuglini huwa na michirizi myembamba ya kahawia, mingi ikiwa kisogoni na nyuma ya shingo. Fuscus hubaki na kichwa karibu cheupe. Ikifika Machi wote wana vichwa vyeupe na alama hiyo haina kazi tena.

Kipimo tunachokithamini zaidi ni hatua ya kubadili manyoya, kwa sababu hakidanganywi na mwanga. Fuscus husafiri na manyoya ya zamani, na sehemu kubwa ya manyoya ya ncha huyabadilisha akiwa tayari Afrika. Heuglini huanza mapema zaidi, bado akiwa kaskazini au njiani, ingawa naye humalizia huku. Basi ukikuta mapema Novemba shakwe mpevu aliyekwisha kupata manyoya mapya 5 au 6 ya ndani, meusi na yenye ncha nyeupe safi, huku ya nje yakiwa yamefifia, mizani inaelemea heuglini. Mwenye bawa lote kuukuu tarehe hiyo hiyo, au aliyebadili mawili tu, anaelekea fuscus. Januari uliyoandika, wote wawili wanaweza kuwa bado wanaotesha la 9 na la 10, na kipimo kinapungua nguvu.

Kuhusu vijana wa kahawia waliokuwa katika kundi hilo: wengi wao hawatajwi aina kwa haki. Andika «mgongo-mweusi, aina haikubainika». Kuna pengo moja la kupenyea. Kijana wa fuscus mara nyingi hubadilisha manyoya mengi ya ncha, hata yote, akiwa Afrika kabla hajatimiza mwaka. Machi au Aprili, nyoya la kinda ni la kahawia, limechongoka na limechakaa. Jipya ni jeusi na ncha yake ni ya mviringo. Kijana mwenye mabawa mapya meusi msimu huo ana dalili nzuri ya fuscus. Vijana wengi wa heuglini wakati huo bado wanabeba manyoya ya utotoni.

*

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Kwenye mialo ya dagaa hapa Mwanza kuna shakwe wadogo wenye miguu myekundu. Kitabu kina kichwa-kijivu na kichwa-cheusi, lakini Desemba hakuna mwenye kichwa cha kijivu wala cheusi, wote ni weupe! Nifanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Kofia ya kichwani ni vazi la uzazi, na lisipokuwepo umepoteza alama moja tu. Zimebaki nzuri zaidi.

Angalia mboni. Shakwe kichwa-kijivu mpevu ana jicho la rangi hafifu, kama maziwa yenye unjano, na ukingo mwembamba mwekundu. Shakwe kichwa-cheusi ana jicho jeusi umri wowote. Mialoni ndege hukaribia hata mita 10, na darubini ya kawaida ya 8x42 inatosha kuona hilo. Tahadhari ni moja: kichwa-kijivu wa mwaka wa kwanza naye ana jicho jeusi, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba hana kahawia bawani wala utepe mweusi mkiani.

Akiruka, hakuna shaka tena. Kichwa-cheusi ana kabari ndefu nyeupe ukingoni mwa mbele wa bawa, kutoka kiwiko cha bawa hadi karibu na ncha, na weusi wake ni mstari mwembamba nyuma ya kabari hiyo. Kichwa-kijivu ana ncha nyeusi pana, ndani yake madoa mawili meupe yanayoonekana wazi kwenye nyoya la 9 na la 10, na kiraka cheupe nyuma ya weusi huo kuelekea mwilini. Chini ya bawa kichwa-kijivu ni wa moshi karibu kote. Ukishaizoea moshi hiyo utamtambua angali mbali, hata akiwa juu ya kichwa chako na mboni haionekani.

Ukubwa unasaidia wakiwa pamoja: kichwa-kijivu ana takriban sentimita 40 hadi 42, mdomo na miguu mirefu zaidi, mwenzake huwa 35 hadi 39 na mdomo wake ni kama sindano. Kichwa-cheusi wa Desemba pia ana doa jeusi nyuma ya jicho. Usilitegemee peke yake, maana kichwa-kijivu asiye na kofia hubakiza kivuli hafifu mahali hapo hapo.

Kalenda nayo izingatie. Kichwa-cheusi ni mgeni wa Oktoba hadi Aprili. Kichwa-kijivu anazaa Afrika, na kofia yake hufuata uzazi wa mahali alipo, si majira ya Ulaya. Unaweza kuwaona wenye kofia kamili na wasio nayo siku moja kwenye mwalo mmoja. Mtego mkubwa zaidi ni Februari na Machi, kichwa-cheusi anapoota kofia yake ya kahawia iliyokoza, ikiwa nusu nusu. Kwa mbali mabaka hayo husomeka kijivu. Rudi kwenye mboni na bawa.

Na kama utakutana na mwenye jicho hafifu lakini bawa la kichwa-cheusi, shingo ndefu na paji linaloteremka taratibu hadi mdomoni, mpige picha nyingi uwezavyo: huyo anaweza kuwa shakwe mdomo-mwembamba, ambaye ni nadra ziwani.

*

SWALI: Buabua na shakwe nawatofautishaje haraka? – Msomaji, Tanga

JIBU: Buabua ana mdomo uliochongoka ulionyooka, mabawa membamba, mara nyingi mkia wa panda, na hupiga mbizi kutoka angani mdomo ukitangulia. Shakwe ana mdomo wenye ncha iliyopinda kidogo chini, bawa pana, mkia uliokatwa sawa, naye hupenda kuokota juu ya maji au kutembea mchangani. Anayetembea sana ni shakwe.

*

SWALI: Mimi huongoza wageni Watamu. Mgeni wangu alishikilia kwamba tumeona shakwe macho-meupe, kwa kuwa ndege alikuwa na weupe juu ya jicho. Nilimwambia ni wa Hemprich. Tafadhali tusuluhisheni. – Msomaji, Watamu

JIBU: Kwa alama hiyo moja, wewe ndiye mwenye hoja. Shakwe wa Hemprich naye ana hilali nyeupe juu ya jicho, na wapo wenye kijisehemu chini. Macho-meupe ana hilali mbili nene, juu na chini, zinazokaribia kulizunguka jicho. Mboni yenyewe ni nyeusi kwa ndege wote wawili.

Alama ya kuamulia ni mdomo, na inafaa umri wote. Wa Hemprich ana mdomo mrefu, mnene, unaoonekana kuinama, na wenye rangi mbili: shina hafifu, ncha iliyokoza. Kwa mpevu shina ni la njano ya kijani, kisha utepe mweusi, kisha ncha nyekundu. Kwa kijana shina ni la kijivu na ncha nyeusi. Macho-meupe ana mdomo mwembamba zaidi unaosomeka kuwa mweusi mzima kwa mbali. Mpevu wake ni mwekundu wa kukoza wenye ncha nyeusi, lakini wekundu huo hauonekani mpaka jua liupige. Kijana wake ni mweusi wa kung'aa kuanzia shina. Basi ukiona shina hafifu, mjadala umekwisha: ni wa Hemprich.

Mgongo unafuata. Wa Hemprich ni kahawia ya majivu na kofia yake ni kahawia nyeusi inayoshuka hadi juu ya kifua. Macho-meupe ni kijivu cha risasi, na kofia yake ni nyeusi tii. Wote wana ukosi mweupe nyuma au kando ya shingo wakiwa katika vazi la uzazi, wote wana mabawa meusi kwa chini, na wote wana ukingo mweupe nyuma ya bawa. Alama hizo tatu zinawatenga na shakwe wengine wa pwani yetu, lakini haziwatengi wao kwa wao, na ripoti nyingi tunazoletewa zimejengwa juu ya hizo hizo.

Jiografia iwe upande wako pia. Wa Hemprich anazaa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, Oman, Somalia na hadi visiwa vya Kiunga kaskazini mwa Kenya, ndiyo maana mnamwona kila mara. Jina lake ni la Wilhelm Hemprich, mtafiti Mjerumani aliyefariki Massawa mwaka 1825 akiikusanyia sayansi viumbe vya bahari hiyo. Macho-meupe makao yake ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na kufika Kenya kwake ni nadra. Ripoti ya macho-meupe iende na picha ya mdomo na ya jicho kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki. Bila picha ya mdomo, itakuwa vigumu kukubaliwa.

*

SWALI: Agosti, kusi imechacha, ufukweni Dar es Salaam nimekuta shakwe mkubwa aliyechakaa, bawa limekatikakatika na kuwa karibu jeupe, mgongo una mabaka. Sikumpata kitabuni. Je, ni mgonjwa, au ni aina mpya? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kwa maelezo yako ni shakwe mzima wa afya ambaye hajapevuka. Wahamiaji wakubwa hawazai mwaka wa kwanza wala wa pili, kwa hiyo baadhi yao hawaoni haja ya kurudi kaskazini na hubaki pwani wakati wote wa kusi. Vitabu huchora ndege mwenye manyoya mapya, ilhali huyu amevaa yale yale kwa muda mrefu chini ya jua la ikweta.

Uchakavu una mpangilio, na ukiuelewa utausoma. Weusi na kahawia ya nyoya hutokana na melanini, na melanini ndiyo inayolipa nyoya ugumu. Sehemu nyeupe haina, hivyo humomonyoka kwanza. Ndiyo sababu ncha nyeupe za manyoya ya bawa hupotea, madoa ya ncha huliwa pembeni, na nakshi za kingo nyeupe za kijana hufutika zikabaki kahawia tupu. Kisha jua huipausha kahawia yenyewe hadi iwe rangi ya nyasi kavu. Bawa likikunjuliwa utaona sehemu iliyokuwa imefunikwa na nyoya jingine bado imekoza, na mstari kati ya pande hizo mbili umenyooka kama uliopigwa rula. Huo ni mpauko. Alama ya ndege haina mstari wa namna hiyo.

Umri wake mpate kwa kutafuta vizazi viwili vya manyoya. Shakwe wakubwa huchukua kama miaka minne kupevuka: mwaka wa kwanza wote ni kahawia na mdomo mweusi, wa pili mgongo huanza kuota kijivu au weusi huku bawa likibaki la kahawia, na shina la mdomo hupauka, wa tatu hufanana na mpevu ila ana masalia ya kahawia bawani na weusi mkiani. Shakwe wa Hemprich huchukua kama mitatu, wale wadogo wenye kofia miwili. Mabaka ya mgongoni uliyoyaona ni manyoya mapya yakiingia kati ya makuukuu, na rangi ya hayo mapya ndiyo ya kuandika. Yale yaliyopauka yasikushughulishe. Baka jeusi lisilotofautiana na ncha mpya za bawa linaelekea fuscus. La kijivu kizito linaelekea heuglini.

Jambo la kuongeza kwa wote wanaotazama wakati wa kusi: wapevu wa mgongo-mweusi wengi huwa wameondoka kufikia Mei. Mpevu mwenye mgongo mweusi mwezi Julai anastahili dakika zako zote. Huenda akawa shakwe wa kusini, Larus dominicanus, anayezaa kusini mwa Afrika na Madagaska na ambaye hutokea huku mara chache. Mtafutie mdomo mnene mzito, mwili mkubwa, miguu ya kijivu au kijani kibichi iliyofifia badala ya njano kali, na ukingo mpana mweupe nyuma ya bawa.

*

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Maskati. Baridi ikiingia, ufukweni kunajaa shakwe wakubwa wa kijivu. Wenzangu huwaita wote wa Heuglin, lakini baadhi naona ni wa kijivu chepesi mno. – Msomaji, Oman

JIBU: Waaleikum salaam. Huenda unamwona shakwe wa nyika, barabensis, anayezaa nyika za Asia ya Kati, kaskazini mwa Kazakhstan na kusini magharibi mwa Siberia. Oman hupata wengi, na kwenu ndiko swali hili lina uzito. Pwani ya Kenya na Tanzania kundi kuu ni mgongo-mweusi.

Mgongo wa nyika ni hatua moja hadi mbili nyepesi kuliko wa Heuglin, na hatua hizo hupotea mara moja kwenye mwanga mkali wa saa tano. Ulinganishe tu kundi likiwa limesimama pamoja. Kisha tazama manyoya: wa nyika hutangulia. Mwishoni mwa Desemba wengi wao wana bawa jipya kamili au wanamalizia la 10, huku wa Heuglin wengi bado wana mapengo au manyoya makuukuu ya nje, na humaliza kati ya Januari na Machi. Wa nyika mpevu wakati wa baridi mara nyingi ana mdomo wenye njano, wekundu na utepe mweusi kwa pamoja, na kichwa cheupe zaidi. Alama ya mdomo tumeiweka mwisho makusudi, kwa kuwa wa Heuglin wapo wenye utepe huo pia. Ndege asiyeangukia upande wowote baada ya mgongo na manyoya kukaguliwa, mwandike bila aina.

*

SWALI: Februari, Ziwa Turkana: shakwe mwenye kichwa cheusi tii, lakini mkubwa kuliko mgongo-mweusi aliyekuwa kando yake. Inawezekana? – Msomaji, Lodwar

JIBU: Inawezekana, na alama ulizotaja ni za shakwe wa Pallas, Ichthyaetus ichthyaetus. Ni ndege wa sentimita 60 hadi 70, hutoka Asia ya Kati, na kofia yake huota mapema, Januari au Februari, wakati wenye kofia wengine bado weupe. Kamilisha kumbukumbu kwa mambo matatu: hilali nyeupe juu na chini ya jicho, mdomo mzito wa njano wenye utepe mweusi karibu na ncha nyekundu, na paji bapa linaloingia mdomoni bila kupanda. Akiruka, ncha ya bawa ni nyeupe kwa wingi na weusi mchache. Kijana wake ana mgongo wa kijivu tayari katika baridi yake ya kwanza na mkia mweupe wenye utepe mweusi uliokatwa kwa usafi. Kijana wa mgongo-mweusi umri huo bado ana mgongo wa kahawia.

*

SWALI: Picha zangu za shakwe hazinisaidii nikifika nyumbani. Weupe umeungua, mgongo hauna rangi ya kueleweka. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 400, na rafiki yangu ana simu na darubini ya miguu mitatu. – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Kosa la kwanza huwa ni saa. Kuanzia saa nne asubuhi mchanga unapata moto, mazigazi yanacheza, na hakuna lenzi inayoyatibu. Piga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, jua likiwa mgongoni pako. Panga na maji pia. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakijaa hufunika mafungu mengi ya mchanga na shakwe husongamana kwenye fungu la mwisho. Tangulia kwa muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, kaa chini, waache wao wakusogelee. Siku za maji mafu hutawanyika na utawafukuzia bure. Wakinyoosha shingo wote kwa pamoja, umekaribia mno. Rudi nyuma kabla hawajaruka.

Kamera hudanganyika maji au tope jeusi likijaza fremu na ndege mweupe akiwa mdogo ndani yake: inaongeza mwanga, kichwa kinaungua. Punguza mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua nzima, na hifadhi faili ghafi (RAW) badala ya JPEG peke yake, ili urekebishe baadaye bila kupoteza kijivu. Kwa bawa lililokunjuliwa tumia kasi ya 1/2000 au zaidi na upige mfululizo. Usingoje aruke; shakwe aliyesimama hunyoosha bawa moja moja kila baada ya kujichambua, na aliyeoga hupiga mabawa mara kadhaa akitoka majini. Hapo ndipo utahesabu manyoya kutoka la 1 hadi la 10.

Rafiki yako aweke darubini kwenye ukuzaji mdogo, 20, aegemeze simu katikati ya kioo, kisha agusie skrini juu ya mgongo wa ndege na ashushe mwanga kidogo kwa kidole. Kukuza zaidi kwa simu huleta ukungu wa rangi unaofuta tofauti ya fuscus na heuglini.

Kwa kila ndege mnayemshuku tunataka picha nne: amesimama ubavu, akiwa na shakwe mwingine anayejulikana katika fremu hiyo hiyo; kichwa na mdomo kwa karibu; bawa kwa juu; bawa kwa chini pamoja na mkia. Zitumeni bila kukoleza rangi, na andikeni tarehe, saa, hali ya jua na mahali. Tarehe msiisahau kamwe, maana bila hiyo hatua ya kubadili manyoya haitusaidii kitu.